Mafunzo ya likizo ya usanifu majengo, Meru na Embu

Mafunzo ya likizo ya usanifu majengo ni kozi fupi zinazompa mwanafunzi wa sekondari nafasi ya kuionja kazi ya msanifu kabla hajachagua shahada. Huchora, hupima majengo, huunda vielelezo vya kadibodi, kisha huitetea kazi yake mbele ya wenzake. Nchini Marekani, vyuo vikuu kama Cornell na Carnegie Mellon huyaendesha wakati wa kiangazi chao. Kenya, yenye mihula 3, nafasi yake ni likizo za Aprili, Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza tuisheni ya likizo. Kwa hiyo mafunzo haya hayafai kuwa marudio ya silabasi, na ni vyema hivyo, kwa kuwa usanifu hujifunzwa kwa mkono na kwa miguu. Shuleni, Uchoraji na Usanifu pamoja na Ujenzi yamekuwa masomo ya KCSE kwa miaka mingi, ingawa shule nyingi haziyafundishi. Gredi ya 10, iliyoanza Januari 2026, inaweka ujenzi na useremala katika mkondo wa STEM. Anayetaka kuendelea anaweza kuomba Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako usanifu majengo umefundishwa tangu 1956. Baada ya shahada hufuata mazoezi ya kazi na mtihani wa bodi ya usajili wa wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, BORAQS.

Kinachoyapa mafunzo ya Meru na Embu thamani ya pekee ni jua. Ikweta inakata barabara ya Embu na Meru karibu kabisa na mji wa Meru. Katika likizo ya Agosti jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na kivuli cha ukuta huangukia kusini. Desemba mambo hugeuka. Mwanafunzi mwenye kijiti, tepu na daftari anaweza kuyapima haya yote uani kwao, kisha akaelewa kwa nini baraza la upande mmoja tu halitoshi, na kwa nini madirisha makubwa ya magharibi huitesa nyumba jioni. Mwenzake wa nchi za kaskazini ya mbali, ambaye jua la adhuhuri haliondoki kusini mwaka mzima, hapati somo hili mlangoni kwake.

Tofauti ya mwinuko nayo inafundisha. Miteremko ya Mlima Kenya ina baridi na manyunyu ya Julai na Agosti, kwa hiyo nyumba huhitaji paa lenye mwinuko mkali na kuta zinazotunza joto. Mbeere, chini kuelekea mto Tana, hali ya hewa ni ya joto na ukame: huko nyumba inataka upepo upite na kivuli kirefu. Ramani moja ya nyumba haiwezi kufaa pote pawili, ijapokuwa mafundi huombwa kuirudia kila siku.

Mahali pa kupima pia papo. Makumbusho ya Meru yamo katika jengo la 1916 lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, na Nchiru kuna jengo la Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Wachonga mawe na maseremala wa jua kali, wanaoijua mbao ya mti wa muhuru kwa uzito wake, ni walimu ambao darasa la kawaida halina. Kozi ya wiki mbili isiyowalipa watu hawa kwa muda wao itakuwa imeacha nje nusu ya ujuzi wa ujenzi uliopo hapa.