Kolonoskopi: kwa nini munganga mmoja anaona kile mwingine hakuona

Kolonoskopi ni kipimo cha kutazama utumbo mkubwa kwa mpira mrefu wenye kamera, unaopitishwa njia ya haja kubwa. Lakini wanganga hawakifanye namna moja. Marekani, wagonjwa wengi wanapewa dawa ya usingizi. Norwe, wengi wanabaki macho.

Tofauti kubwa ni wakati wa kurudisha mpira. Hapo ndipo munganga anatafuta vinyama vidogo vinavyoweza kugeuka kansa. Uchunguzi wa mwaka 2006 juu ya wanganga 12 wa Marekani ulionyesha: wale waliotumia dakika 6 ao zaidi walivipata kwa watu 28 hivi juu ya 100, wenye haraka, kwa 12 tu. Tena, utumbo ukibaki na uchafu, hata munganga hodari haone vizuri.

Mtu wa Kilo anayeona damu chooni anaanza na kipimo cha choo, kutafuta amiba na bilharzia. Akitumwa kwa kolonoskopi, mbele ya kulipa safari afazali aulize: dawa ya kusafisha tumbo inakunywewa lini? Kuna dawa ya usingizi? Munganga atafika mpaka mwanzo wa utumbo mkubwa, na atarudi polepole?