Feni inavuma, umeme unaisha: kompyuta inapomchimbia sarafu mtu mwingine

Kompyuta imeachwa imewaka, hakuna anayeigusa, lakini feni inavuma kama mashine ya kusaga. Ukiishika ubavuni ina moto. Mara nyingi tatizo ni vumbi, na fundi humaliza kazi kwa brashi tu. Ikishasafishwa na bado ikavuma, huenda imo programu ya siri inayochimba sarafu za kidijiti kwa faida ya mtu usiyemjua.

Uchimbaji huu hauna sururu. Sarafu kama Bitcoin, iliyoanza 2009, na Monero, iliyoanza 2014, hazina benki kuu. Malipo huhakikiwa na kompyuta za watu wengi zinazoshindana kukokotoa hesabu nzito, na anayeshinda hupata sarafu mpya. Hesabu hizo zinakula umeme, ndiyo maana wezi hupenda kutumia wa kwako. Wengi huchagua Monero kwa sababu huchimbika kwa kompyuta ya kawaida, tena huficha nani kamlipa nani.

Mwezi Juni 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Avast ilieleza habari za kirusi ilichokiita Crackonosh, jina la mzimu wa milimani katika ngano za Wacheki. Kilikuwa kimeingia kwenye kompyuta zaidi ya 222,000 duniani na kuwapatia wenyewe Monero zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 2. Kilipitia wapi? Kwenye magemu yaliyochakachuliwa, yale ya kupakua bure wakati mwenyewe anayauza. Kikishaingia, kilizima ulinzi wa Windows, kisha kikaweka alama yake bandia ili uone kama kila kitu ni salama. Kwa hiyo alama ya kijani pale chini isikutulize haraka.

Hasara yake tuipige hesabu. Kompyuta ya mezani inayovuta wati 150 usiku na mchana hula uniti 3.6 kwa siku, yaani 108 kwa mwezi. Kwa wasikilizaji wetu wa Tanzania walio kwenye daraja la D1, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, mashine hiyo peke yake inatosha kuwavusha kwenye bei ya juu. Kwa kijana anayeishi kwa kuchapa barua na kuingiza nyimbo kwenye flashi, hiyo ni faida yote ya siku.

Kuikagua si kazi ngumu. Funga kila kitu, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Tazama safu ya CPU: kompyuta iliyopumzika huwa kwenye asilimia ndogo. Ikikaa juu ya 70 muda mrefu, angalia ni programu gani inayokula, ingawa wakati mwingine ni Windows yenyewe inajisasisha. Vingine vya virusi hivi ni vijanja, vinanyamaza mara tu unapofungua dirisha hilo. Feni ikitulia ghafla kila unapokagua, hiyo nayo ni dalili.

Kuiondoa, hamisha kwanza picha na nyaraka zako, usihamishe programu. Kisha ingia kwenye Windows Security, chagua ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, ambao hufanyika kabla Windows haijawaka. Usipofunguka au kirusi kikirudi, mwambie fundi afute diski yote na kuweka Windows halali. Akija na ile ya kuchakachua, mmerudi mlipotoka.

Simu nazo zimo. Mwaka 2017 Kaspersky walijaribu kirusi cha Android kiitwacho Loapi. Baada ya siku mbili betri ilivimba hadi simu ikapinda. Pakua programu Play Store, si kwa viungo vya kutumiwa.

Badilisha pia nywila zako ukitumia kifaa kingine kilicho salama, na flashi zote zilizopita kwenye mashine ile zikaguliwe kabla ya kuchomekwa tena.