Kijana Aliyecheza Olombe

Ndugu zangu waseminari, na ninyi walimu wa dini mnaosoma gazeti hili huko mashirikani, nimeombwa kuandika kidogo juu ya michezo ya jukwaani, kwa sababu watu wengi wanajua kwamba naipenda. Nitaandika yale niliyoyaona kwa macho yangu, na hapa na pale nitachanganya mambo ya historia. Naomba munisamehe kama naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilizaliwa Goma, mtaani Katoyi, mwaka 1989. Wenye kuijua Katoyi wanajua namna ilivyo: nyumba za mbao na mabati, zimebanana juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, na njia ambamo chukudu yenyewe inapita kwa shida. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa mlima ulishuka ukakatisha mji, ukaunguza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na maduka ya katikati. Mwaka uliofuata, vijana wa shirika letu waliamua kucheza maisha ya Mwenye heri Anuarite. Sizani kama kuna parokia katika Kongo ambayo haijacheza Anuarite hata mara moja. Hadisi yake munaijua: sista wa Jamaa Takatifu wa Bafwabaka, aliyeuawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 1964, wakati wa maasi ya Simba, kwa sababu alikataa kutoa usafi wake kwa wakubwa wa waasi. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri kule Kinshasa, tarehe 15 mwezi wa nane 1985, na siku ile alitamka msamaha kwa muuaji.

Jukwaa letu lilikuwa meza za shule zilizofungwa pamoja kwa kamba, na pazia lilikuwa shitingi la wakimbizi. Anuarite alichezwa na binti wa kwaya. Kolonele Olombe, yule muuaji, alichezwa na kijana mmoja aliyekuwa akijifunza useremala wa chukudu. Alikuwa mpole, mwenye kucheka-cheka. Lakini walimvika kofia ya kijeshi, nao watu wa Katoyi wakati ule walikuwa wamechoka kabisa kuona kofia za kijeshi. Alipoinua kisu cha mbao, mama mmoja akapiga kelele, kisha wengine wakasimama, na mawe yakaanza kuruka. Mawe katika Katoyi hayatafutwi, mtu anainama tu. Kijana akaruka dirisha la shule akakimbia. Mchezo ukaishia pale, Anuarite amelala juu ya meza, hajui kama aamke ao abaki amekufa.

Mimi nilikuwa na miaka 14, na mimi pia nilirusha jiwe. Halikumpata. Kiisha, kwa miezi mingi, watu walimwita Olombe. Watoto walimfuata njiani wakiimba jina hilo, na kuna mama waliokataa kumuuzia mandazi, nusu kwa mchezo, nusu kwa kweli. Mwishowe alikwenda Walikale kuchimba mawe ya madini, na sikumuona tena.

Huo ndio mchezo wa kwanza niliouona maishani. Haukuwa mchezo wa mafundi, najua. Lakini bila kuueleza siwezi kueleza yale yaliyonipata baadaye.

Katika miaka iliyofuata, michezo ilifika mingi Goma, ikiletwa na mashirika. Walikuja na gari, wakaweka vikuza-sauti sokoni, wakacheza juu ya kipindupindu, juu ya kurudi kwa wakimbizi, juu ya mashamba yenye kugombaniwa. Wachezaji walilipwa, na wengine walikuwa na kipaji kabisa. Namna moja ilinipendeza: mchezo unasimamishwa katikati, na mtu wa katika watazamaji anaitwa kupanda achukue fasi ya mchezaji, aonyeshe yeye angefanya nini. Mwenye kuianzisha ni Augusto Boal wa Brazili, katika miaka ya 1970. Lakini lazima niseme wazi: michezo hiyo karibu yote ilikuwa na somo lililoandikwa mbele, na sisi watoto tulijua mwisho wake toka mwanzo. Ilikuwa sawa na mahubiri yetu mabaya. Tulingojea kugawiwa sabuni.

Mwaka 2011, nilipokuwa nimemaliza filozofia, nilitumwa Kampala miezi mitatu kujifunza Kiingereza. Nilipita Bunagana na Kisoro, usiku mzima katika basi. Padri mmoja wa kule, mtu mwenye furaha, aliniambia jumamosi moja: «Leo nitakupeleka fasi ambayo seminari haikupeleki.» Nikaogopa. Kumbe ilikuwa Teatri la Taifa, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1959, Waingereza wakiwa wangali wakitawala.

Wenzangu mliozoea mambo ya miji mikubwa mtanicheka. Sijapata kukaa katika kiti cha kitambaa namna ile, vyote vikielekea upande mmoja. Taa zikazimika, nami nikafikiri umeme umekatika sawa kwetu, nikatafuta simu yangu inimulike. Padri akanishika mkono. Kisha mwanga ukawaka mbele tu, na ngoma zikaanza, na watu wakatoka wakiimba. Ulikuwa mchezo wa kuimba, hadisi ya mfalme mkali na nyumba yake, katika Kiganda. Neno moja katika matano nililifahamu, kwa sababu lugha zetu za maziwa ni ndugu. Yaliyobaki Padri alininong'oneza, mpaka mama wa nyuma akatukaripia.

Mfalme yule! Mtu mnene, mwenye sauti ya kutoka chini ya ardhi. Alifanya maovu matatu ao manne, na kila mara wamama wa Kampala walimlaani kwa sauti, wakacheka, wakamlaani tena. Mwishowe aliwaua kijana na mpenzi wake. Nyumba yote ikanyamaza, na mimi nikalia, ndiyo, mbele ya Padri. Nikasikia mkono wangu wa kuume unakunja vidole, kana kwamba unashika kitu. Nikakumbuka dirisha la shule ya Katoyi.

Halafu jambo lililofuata ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi. Taa zikawaka, na wachezaji wote wakarudi mbele. Kijana aliyeuawa alimshika mfalme mkono wa kushoto, binti aliyeuawa akamshika wa kuume. Mfalme alikuwa amevua taji na kufuta jasho kwa kanzu yake, akatabasamu kama baba wa watoto sita. Wakainama wote pamoja, na watu wakapiga makofi, na mama yule wa nyuma, aliyemlaani kuliko wote, alipiga vigelegele kwa ajili yake.

Kwetu hakuna mtu aliyerudi kuinama. Olombe wetu alitoka dirishani, na kwa hiyo hakupata kamwe kurudi kuwa kijana wa chukudu. Nimesoma vitabu kadhaa baadaye juu ya ufundi wa jukwaa, na vinaeleza sauti, na mwendo, na mwanga. Mimi naona kwamba ufundi wa kwanza ni huo: kujua namna ya kumleta muuaji mbele ya watu, kumwacha awe muuaji kweli, na kujua namna ya kumtoa tena. Mtu asiyejifunza anaweza kufanya la kwanza. La pili ni kazi.

Tulipotoka, Padri alinieleza habari za nyumba ile. Mkubwa wake zamani alikuwa Byron Kawadwa. Yeye ndiye aliyetunga mchezo wa kuimba uitwao Oluyimba lwa Wankoko, maana yake Wimbo wa Jogoo, ambao muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya. Mwanzo wa 1977 waliupeleka Lagos, katika sikukuu kubwa ya sanaa za Waafrika. Waliporudi, watu wa Idi Amin walimkamata Kawadwa wakamuua. Ndio mwaka uleule ambao Askofu Mkuu Janani Luwum wa Waanglikani aliuawa. Mfalme mbaya wa jukwaani anainama mwisho wa mchezo. Mfalme wa kweli alijitambua katika mchezo, na hakukubali.

Waganda walikuwa na msingi mwingine tena, nao ni wa kanisa. Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, kwa ngoma na nyimbo za kwao, na iliimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa Watakatifu, tarehe 18 mwezi wa kumi. Wiki sita tu baadaye Anuarite alianguka Isiro. Mara nyingi nafikiri juu ya tarehe hizi mbili. Sisi hatujapata bado Kyagambiddwa wetu kwa Anuarite, tuna meza na shitingi.

Siyo kwamba Kongo haikuwa na watu. Leopoldville ilikuwa na Albert Mongita katika miaka ya 1950, na kule Kamina Padri Guido Haazen, Mfransisko, alikusanya waimbaji wa Missa Luba ambao mwaka 1958 walisimama mbele ya watu wa Ulaya. Lakini kwa sisi wenye kusema Kiswahili, bwana wa jukwaa ni Mufwankolo wa Lubumbashi, pamoja na kundi lake, waliosikiwa kwanza katika radio na kuonwa baadaye katika televizyo. Hawakuandika michezo yao. Walikutana, wakapanga hadisi, wakagawa kazi, kisha kila mmoja alisema kwa maneno yake mwenyewe, katika Kiswahili cha kazi na cha soko, siyo cha vitabu. Mwaka 1986 mwalimu mmoja, Johannes Fabian, aliwauliza maana ya methali isemayo kwamba utawala unaliwa mzima. Hawakumjibu kwa maelezo. Walitunga mchezo mzima juu yake, wakauchezea kijijini Kawama, wakati Mobutu yu hai na ana nguvu. Wakubwa wangeweza kucheka ao kukasirika. Mafundi wale walijua kupima.

Onyesho la mwisho nitakalotaja ni lile la Bukavu. Tarehe 29 mpaka 31 mwezi wa tano 2015, mtunga-michezo wa Uswisi, Milo Rau, alifanya katika koleji ya Alfajiri, kwa Wayezuiti, kitu alichokiita Hukumu ya Kongo. Wakati ule nilikuwa nikisoma teolojia, na tulipata ruhusa ya siku moja. Jukwaa lilikuwepo, taa, kamera, waamuzi na mkubwa wao, mwanasheria wa Ubelgiji Jean-Louis Gilissen. Lakini wachezaji hawakuwepo. Wachimbaji walikuwa wachimbaji kweli, wanasheria walikuwa wanasheria, na walioondolewa mashambani kwa ajili ya zahabu ya Twangiza walijisemea wenyewe. Walisema pia juu ya madini ya Bisie, na juu ya watu waliouawa Mutarule katika mwezi wa sita 2014.

Hukumu ile haikuwa na nguvu ya kumfunga mtu yeyote, na kila mtu alijua. Watu walikuja hata hivyo, wakasimama penye milango. Karibu nami alikaa mzee aliyeandika kila neno katika daftari la mtoto wa shule. Mimi nilingojea, bila kufikiri, wakati wa kuinama. Haukuja, na haukuweza kuja. Hapana mtu aliyekuwa na taji la kuvua. Tulirudi seminari usiku, katika gari, hakuna aliyeongea. Mpaka leo sijui kama niuite mchezo, ingawa uliletwa na fundi mkubwa kuliko wote niliowaona.

Kuna wapadri wanaoniambia kwamba mambo haya si ya kwetu. Nawajibu kwamba kanisa limewatenda wachezaji mema na mabaya. Wayezuiti walicheza michezo ya Kilatini katika koleji zao kwa miaka mamia. Lakini Molière, alipokufa mjini Paris mwezi wa pili 1673, alinyimwa mazishi ya kikristu kwa sababu ya kazi yake. Ilibidi mfalme aingilie kati, na walimzika usiku, bila ibada kubwa. Papa yuleyule aliyekuja Kinshasa mwaka 1985 alikuwa mchezaji katika ujana wake: mwaka 1941, Wajerumani wakishika Kraków, Karol Wojtyła na rafiki zake walicheza kwa siri katika nyumba za watu. Nadhani alijua kazi yake vizuri siku ile aliposimama mbele ya umati na kusema juu ya muuaji.

Sasa natumika tena katika mji wangu. Munajua Goma ilipata nini mwezi wa kwanza 2025; sina haja ya kuhesabu makaburi hapa. Mwezi wa tisa wa mwaka ule, vijana wa Katoyi walinijia wakitaka kucheza Anuarite kwa sikukuu yake. Tukakutana na wazee wa shirika. Kila kazi ilipata mtu, hata mbuzi alipata mtu, ila Olombe. Mwalimu mmoja wa zamani akashauri auawe nyuma ya pazia, tusikie kelele tu. Mwingine akasema tutafute mchezaji wa kazi mjini, tumlipe, na baba wa kasha akauliza kwa pesa gani. Ndipo kijana mmoja, fundi wa simu, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye atakubali.

Niliwaeleza basi juu ya Kampala, na juu ya jiwe langu. Nikasema: mchezo ukiisha, Olombe atavua kofia mbele ya watu wote, Anuarite atamshika mkono, na watainama pamoja.

Koko mmoja, aliyemzika mjukuu wake mwezi ule wa kwanza, akasimama. «Padri, huyo akiinama, na sisi tupige makofi?»

«Ndiyo, koko. Makofi ni ya kijana, si ya Olombe.»

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kijana huyo ni mtoto wa nani. Walipomwambia, alimtazama, akasema anamjua mama yake.