Khella ya Misri na Misuli Iliyopooza

Katika nchi ya Misri huota mmea uitwao khella, ambao mbegu zake wenyeji wa bonde la Mto Nili wamezoea tangu zama za kale kuzichemsha na kumnywesha mtu aliyeshikwa na maumivu ya vijiwe vya figo. Na katika mmea huo ndimo ilimochimbuka amiodaroni, dawa ambayo matabibu huitumia kuyatuliza mapigo ya moyo yaendayo mbio pasi na nidhamu. Katika miaka ya 1940, mjini Cairo, mtaalamu Gleb von Anrep, mzaliwa wa Urusi, alitanabahi ya kuwa mtumishi wa maabara yake, aliyekuwa akinywa khella kwa ajili ya figo, amepata nafuu pia ya maumivu ya kifua. Wanakemia wa Ubelgiji wakaifuata njia hiyo, na mnamo mwaka 1961 wakaunda amiodaroni, wakaitoa iwe dawa ya maumivu ya kifua. Fadhila yake kubwa ilidhihirika baadaye, pale Bramah Singh na Vaughan Williams wa Oxford, mwaka 1970, walipoonyesha namna inavyoathiri umeme wa moyo, kisha Mauricio Rosenbaum wa Argentina akaitumia kwa wagonjwa.

Lakini zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni iodini. Kidonge cha miligramu 200 kina takriban miligramu 75, na ijapokuwa ni miligramu sita au saba tu zinazofunguka kwa siku, mahitaji ya mwili ni miligramu 0.15. Kwa baadhi ya watu tezi ya shingo hulewa kwa wingi huo, ikamwaga homoni bila kiasi. Na kwa kuwa dawa hujificha katika mafuta ya mwili, balaa hilo laweza kuzuka miezi kadhaa baada ya vidonge kukomeshwa.

Hapo, kwa nadra, hutokea jambo la kutisha. Mtu ameshiba wali na vitamu usiku, akalala salama. Alfajiri anataka kushuka kitandani, na mapaja hayamtii, ilhali akili yake ni timamu na vidole vya miguu vinahisi baridi ya sakafu. Damu ikipimwa, potasiamu imeshuka mno chini ya milimoli 3.5 kwa lita. Nayo haikupotea: homoni ya tezi, ikisaidiwa na insulini iliyoamshwa na chakula, imeisukuma ndani ya misuli. Ni wajibu mkubwa wa tabibu, naamini, kumwuliza mgonjwa kama huyo habari za vidonge vya moyo, vya sasa na vya zamani, kwani upungufu huohuo wa potasiamu huuweka moyo unaotibiwa kwa amiodaroni katika hatari mpya.

Tiba nayo yataka hadhari. Potasiamu hutolewa kidogo kidogo, kwa sababu ile iliyojificha itarejea damuni misuli ikifunguka, na ikizidi husimamisha moyo. Pamoja nayo hutolewa propranololi, dawa nyingine ya moyo, iliyobuniwa na James Black wa Uingereza katika miaka ya 1960, ambayo huilegeza nguvu ya homoni ile. Na maadamu tezi haijatulizwa, kupooza kwaweza kurudi.