Kwatzi: Jiwe la Ishango, Basra na Naguru

Kuna mawe ambayo kwa nje ni mabonge tu, lakini yakipasuliwa huonyesha tumbo lililojaa fuwele. Huitwa jeodi, na zile za rangi ya zambarau zinazopamba sebule nyingi duniani huchimbwa hasa Rio Grande do Sul, Brazili, na Artigas, Uruguay. Fuwele hizo ni kwatzi. Anayechimba msingi wa nyumba Naguru, mjini Kampala, hatarajii kukuta jeodi, ila kwatzi yenyewe imejaa katika miamba ya mji huo.

Tofauti iko katika kuzaliwa kwake. Jeodi za Amerika ya Kusini zilianza kama mapovu ya gesi ndani ya lava iliyomwagika zaidi ya miaka milioni 130 iliyopita. Lava iliganda mapovu yakiwa bado ndani. Maji yenye silika, yaani malighafi ya kwatzi, yakapenya polepole na kuacha ukuta mwembamba wa kalsedoni, kwatzi ya chembe ndogo mno, kisha fuwele zikaota kuelekea katikati, ambako zilipata nafasi ya kuchonga ncha zao. Chembe za chuma, zikipigwa na mionzi ya asili ya miamba, zikaleta zambarau.

Vilima vya Kampala havikutokana na lava hiyo. Miamba yake mingi ilikuwa matope na mchanga yapata miaka bilioni 2 iliyopita, ikabanwa na kupikwa ardhini. Maji ya moto yalipita katika nyufa, kwatzi ikazijaza pomoni. Ndiyo maana hutokea kama mishipa myeupe isiyo na ncha.

Weupe huo usidharauliwe. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua Ishango, kando ya Ziwa Edward upande wa Kongo, mfupa wa miaka 20,000 hivi. Wengi huzungumzia mikwaruzo yake wakidhani ni hesabu. Kwangu mimi, kipande cha kwatzi kilichopachikwa kwenye ncha yake kinastahili heshima ileile. Karne ya 11, mwanazuoni al-Biruni aliandika kwamba kwatzi angavu, yaani bilauri, ililetwa Basra, Iraki, kutoka visiwa vya Zanji, jina la zamani la pwani ya Afrika Mashariki. Hivyo pwani yetu ilipeleka jiwe hili ng'ambo karne nyingi kabla Brazili haijatuletea la kwake.

Nchini Uganda, Edward James Wayland alianza kuongoza idara ya jiolojia, Entebbe, mwaka 1919, akakusanya zana za mawe pamoja na sampuli za miamba. Zana kama hizo huonekana katika Makumbusho ya Uganda, Kampala, yaliyoanzishwa 1908 na kuhamia jengo lake la Kitante mwaka 1954. 

Makumbusho hayo hayako mbali na Naguru. Mzazi, kabla hujanunua jeodi ya kupamba meza, wapeleke watoto huko, Barabara ya Kira, wakatazame zana za mawe, na uwaombe wasimamizi waitengee kwatzi ya vilima hivi kabati lake.