Fedha Iliyozikwa: Rupia za Wazee wa Gitega na Muyinga, na Hukumu ya Mwenye Kuziokota

Kila mtu wa Burundi hulitaja jina la sarafu ya Kijerumani mara nyingi kwa siku bila ya kufikiri. Anaposema kwa Kirundi amahera, au kwa Kiswahili hela, hakika anaitaja heller, sarafu ndogo iliyoletwa na serikali ya Kijerumani katika Afrika ya Mashariki mwaka 1904. Dola ile imeondoka zamani, na fedha yake haipokelewi tena dukani. Lakini jina limebaki vinywani, na sarafu nazo hazikutoweka zote. Nyingine zilibaki pale pale zilipofichwa na wenyewe, chini ya udongo.

Zamani aliyezipata alizipata kwa bahati, jembe lilipogonga chungu au msingi wa nyumba ulipochimbwa. Siku hizi vimekuja vyombo vya umeme vinavyolia vinapopitishwa juu ya madini yaliyozikwa, na mtu aweza kutembea shambani akijua pa kuchimba. Katika nchi kama ya Muyinga, ambako watu wamezoea kuchimba dhahabu, tamaa ya vyombo hivyo ni jambo la kutazamiwa. Kwa hiyo yapasa jamaa wa Kiislamu wayajue mambo mawili: fedha hiyo ilifikaje katika ardhi yetu, na ikionekana, ni mali ya nani.

Kabla ya rupia

Burundi ya wafalme haikuwa nchi ya sarafu. Mali ilihesabiwa kwa ng'ombe na majembe ya chuma, na chumvi ya Uvinza ilibadilishwa kwa vyakula. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili waliokaa Ujiji, ng'ambo ya mashariki ya ziwa, walitumia shanga katika soko lao, na maarufu kati yake zilikuwa zile zilizoitwa sofi. Hata mwaka 1903, Wajerumani walipomlazimisha Mwami Mwezi Gisabo kukubali mapatano ya Kiganda, faini waliyomtoza ilikuwa ng'ombe 424. Hawakutaja rupia hata moja, kwa kuwa katika nchi ile mali iliyojulikana na wote ilikuwa ng'ombe.

Pwani mambo yalikuwa mbali na hayo. Huko watu walijua reale ya Sham, yaani fedha kubwa yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, iliyoendelea kupigwa kwa mwaka ule ule muda mrefu baada ya malkia kufa. Sayyid Barghash wa Unguja naye alipiga reale yake mwaka 1299 Hijria, sawa na 1882, pamoja na pesa za shaba zenye picha ya mizani. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilitoka katika masoko yaliyohesabu kwa fedha hizo.

Rupia na watu walioileta

Rupia ya Kijerumani ilianza kupigwa mwaka 1890 na kampuni iliyokuwa ikitawala pwani kwa niaba ya Kaisari. Ilifuatishwa rupia ya Bara Hindi, ambayo watu wa pwani walikwisha kuizoea. Upande mmoja ina sura ya Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita, na maneno ya Kilatini Guilelmus II Imperator. Upande wa pili zile za kwanza zina ngao ya kampuni yenye simba, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Serikali ilipoichukua kazi hiyo mwaka 1904, ngao iliondolewa, yakaandikwa maneno Deutsch Ostafrika, na rupia ikawa heller 100. Rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20. Uzito wa rupia moja ni gramu 11.66, na katika sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 917 ni fedha safi.

Gitega ilijengwa na Wajerumani mwaka 1912 iwe makao makuu ya utawala wao wa Urundi. Pamoja na utawala walikuja askari, makarani, wapagazi na wachuuzi, na wengi wao walikuwa Waislamu: watu wa Tabora na Ujiji, watu wa pwani, Wamanyema kutoka Kongo, pamoja na Waarabu na Wahindi wenye maduka. Walinunua ngozi za ng'ombe na mbuzi, wakauza nguo, shanga na chumvi. Askari alipokea mshahara kwa rupia, mchuuzi akaipokea kwa askari, na mwenye ng'ombe akaipokea kwa mchuuzi. Hivyo ndivyo fedha ilivyoingia mikononi mwa watu wa milimani, na kwa njia hiyo hiyo ya biashara sala na kanzu zilijulikana mahali pengi, mpaka Muyinga karibu na mpaka wa Ngara.

Mchuuzi wa siku zile hakuwa na benki. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi, na moto mmoja waweza kuiteketeza. Mahali pa salama palikuwa ardhini: chungu chini ya kitanda, au shimo kando ya jiwe alilolijua yeye na mkewe tu. Ilipofika vita ya 1914, serikali ilikosa sarafu ikachapa noti za karatasi, na watu wakaizuia fedha yao, kwa kuwa karatasi ya dola iliyo vitani haina dhamana. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Urundi. Noti zile zikawa karatasi tupu, na baadaye faranga ikaishika nafasi ya rupia. Fedha nyingi ilipelekwa kwa sonara ikawa bangili na vikuku. Ama ile ambayo mwenyewe alikufa safarini, au alikimbia asirudi, ilibaki pale alipoiweka.

Funzo la Pemba

Thamani ya fedha ya kale haimo katika uzito wake peke yake. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, iligunduliwa akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Makhalifa wa Kifatimi. Juu ya sarafu zile za fedha mna majina ya watawala Waislamu wa pwani, miongoni mwao Ali bin al-Hasan. Kwa kuwa zilipatikana pamoja na dinari zenye tarehe, ilijulikana ya kuwa Waislamu wa pwani walikuwa wakipiga fedha yao wenyewe katika karne ya 5 ya Hijria. Lau zingetawanywa moja moja na kuyeyushwa, habari hiyo ingepotea. Vivyo hivyo rupia za Gitega: zikitolewa ardhini bila ya kuandikwa mahali, kina na chombo zilimokuwa, kinachobaki ni gramu za fedha tu, na historia ya wazee imefutwa.

Hukumu ya mali iliyozikwa

Maulamaa wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa nchi zetu, wamegawanya jambo hili vizuri. Mali ya dhahabu au fedha iliyozikwa na watu wa zama za ujahili, kabla ya Uislamu, huitwa rikazi. Ikifikia nisabu, hutolewa humusi yake, yaani sehemu moja katika tano, wala haingojewi mwaka. Lakini hata hiyo, ikipatikana katika ardhi yenye mwenyewe, ni ya mwenye ardhi akidai kuwa ni yake. Akikana, hutazamwa yule aliyempa ardhi hiyo, na aliye kabla yake, mpaka afikiwe mtu wa kwanza aliyeihuisha.

Rupia ya mwaka 1910 si rikazi. Sura ya Kaisari haiifanyi kuwa mali ya ujahili, kwa kuwa iliyemo katika hesabu ni zama ilipozikwa, na aliyeizika huenda alikuwa Mwislamu ambaye wajukuu zake wanasali katika msikiti ule ule. Mwenyewe akijulikana, au warithi wake, ni yao. Asipojulikana, hukumu yake ni ya kitu kilichookotwa. Mwokotaji huangalia chombo chake, kifungo chake na idadi yake, huziweka siri alama hizo, na hutangaza mwaka mmoja sokoni na katika milango ya misikiti, si ndani ya msikiti. Ajaye na sifa zilizo sawa hupewa. Mwaka ukipita, mwokotaji anaruhusiwa kuitumia, lakini mwenyewe akitokea, hulipwa. Na ajuaye kwamba anayo mali yake halali akumbuke pia ya kuwa rupia 56 zatimiza nisabu ya zaka, kwa hesabu ya gramu 595 za fedha safi.

Imo katika Hadithi sahihi habari ya mtu wa kale aliyenunua ardhi, akakuta ndani yake chungu cha dhahabu. Alimwendea muuzaji akamtaka achukue dhahabu yake, kwa kuwa yeye alinunua ardhi tu. Muuzaji naye akakataa, akisema aliuza ardhi na vilivyomo. Walipofika kwa mwamuzi, akawauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na kijana wa kiume, na mwenziwe binti. Akaamua waozeshwe, watumiziwe mali ile, na itolewe sadaka. Watu wawili waligombana, kila mmoja akitaka haki iwe ya mwenziwe!

Ardhi yenye wenyewe wasiokuwapo

Katika Burundi mambo haya si ya vitabuni tu. Mwaka 1972, na tena baada ya Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu ya watu walivuka mipaka wakaacha nyumba na mashamba. Mwenye kukimbia usiku hachukui kila kitu. Aghalabu huzika alichonacho akitumaini kurudi. Wengine walirudi baada ya miaka mingi wakakuta watu wengine katika viwanja vyao, na wengine walifia Tanzania, watoto wao wakazaliwa huko. Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000 yaliitambua haki ya mkimbizi juu ya mali yake. Ikiwa sheria ya watu imeitambua, basi vipi Mwislamu aipitishie chombo chake ardhi kama hiyo, akakiita alichokipata bahati?

Kuingia na chombo katika kiwanja cha mtu bila ya idhini yake ni dhuluma, hata kama hakikupatikana kitu. Kibarua aliyeajiriwa kuchimba msingi hapati haki ya kilichomo kwa sababu jembe lake ndilo lililokigonga. Aliyepata amwite mwenye ardhi, awaite mashahidi wawili waadilifu, na aulize kwa masheikh na kwa wazee wanaokumbuka ni nani aliyekaa pale zamani. Serikali nayo iarifiwe, kwa kuwa Burundi inayo sheria ya mwaka 1983 ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa, na Gitega inayo Makumbusho ya Taifa tangu mwaka 1955.

Wazee walioleta rupia katika milima hii walikuwa watu wa mzigo na safari. Wengi wao hawana kaburi lijulikanalo wala jina katika kitabu chochote. Huenda chungu kimoja kilichozikwa ndicho alama pekee waliyotuachia, nacho ni amana. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awajaalie waliobaki wawe wenye kurudisha amana kwa wenyewe. Amin.