"Anajiamini" au "Anajiskia"?

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa, neno "kujiamini" limezoeleka mno katika majibu ya sifa za wahusika hata ni nadra mtu kuuliza lilikotoka. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa imani, amana na mwaminifu. Mtu humwamini Mungu, au humwamini jirani akamwachia amana. Imani huelekea nje. Kiambishi "ji" cha kujirejelea ndicho kinachoigeuza ikamrudia mtendaji.

Sasa tuingie mitaani. Jina Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Waliolileta ni askari Wanubi wa King's African Rifles, waliopewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na Kinubi chenyewe ni krioli ya Kiarabu. Baadaye walifika Waluo, Waluhya, Wakamba na wengineo. Huko, sawa na Kawangware, Kiswahili kikawa lugha ya kukutania, kisha Sheng nayo ikashika. Vijana waliuchukua mzizi wetu wakaunyambua kwa kauli ya kutendea: "Aminia!" Hiyo ni sifa ya kumpa mwenzako aliyefanya jambo vizuri. (Wanaodai kuwa Sheng haina sarufi wangeitazama hiyo "-ia" kwanza.)

Lakini anayejipa sifa hiyo mwenyewe huitwaje? Huambiwa "anajiskia". Katika Kiswahili sanifu, kujisikia ni kuwa katika hali fulani, kama vile kujisikia vibaya. Mtaani ni kuringa. Hapa ndipo penye tatizo. Msichana anayeinua mkono kila swali linapoulizwa huambiwa anajiskia, na baada ya muda mkono hauinuki tena. Mvulana afanyaye vivyo hivyo mara nyingi huachwa. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 unataja kujiamini miongoni mwa umilisi wa kimsingi, ilhali neno la uani linakuadhibu!

Hukumu hiyo hupenya hadi kwenye karatasi ya fasihi. Mtazame Tunu katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa miaka iliyopita. Wengi waliandika kuwa ni jasiri, wakakomea hapo. Ujasiri huonekana mbele ya hatari. Kujiamini ni kuutegemea uwezo na uamuzi wako, hata pasipo hatari yoyote. Tunu anazo zote mbili, na kila moja yahitaji ithibati yake. Wapo pia walioandika kuwa ana majivuno kwa sababu tu anamkabili Majoka bila kuinamisha kichwa. Mwenye majivuno hudunisha wengine. Je, Tunu anamdunisha nani? Mwulize mwanafunzi wako swali hilo kabla hujamkata alama, na umsikilize anavyojibu.